Kitambaa Kwenye Soketi

Kila Jumamosi asubuhi msichana alianza na dirisha, akaja kwenye meza, akamalizia na sakafu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika chumba cha Mama cha kudarizi, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu akiwa mdogo hakuweza kulipita vumbi bila kulifuta. Nyumbani walimwita Bibi Usafi. Mjomba wake ndiye aliyempa jina hilo, siku alipomkuta akifuta majani ya ua lililopandwa kwenye kopo, jani moja baada ya jingine, kama anayemnawisha mtoto uso.

Chumba kilikuwa kidogo. Upande mmoja ilisimama mashine ya kudarizi, na nyuzi zake zilipangwa ukutani kwa rangi. Upande wa pili, mezani, ilikaa kompyuta ya zamani. Mama alichora nembo za shule kwenye kompyuta hiyo, kisha mashine ikazidarizi kwenye masweta ya wanafunzi. Kazi ilikuwa nzuri, ila kompyuta ilikuwa imechoka. Mama akifungua nembo moja, aliweza kwenda jikoni, akachemsha chai na kuinywa, akarudi na kuikuta bado inafikiri.

"Huyu ni mzee mwenzangu," Mjomba alipenda kusema. "Anasikia vizuri, ila anajibu kesho."

Mjomba alikuwa kaka wa Mama, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za maofisini. Yeye ndiye aliyeshauri kwamba hakuna haja ya kununua kompyuta nyingine. Ilitosha kubadilisha prosesa, kile kipande kidogo cha mraba kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Wakapata prosesa yenye nguvu zaidi, iliyokwisha kutumika lakini nzima, katika duka la vipuri karibu na kituo cha mabasi. Aliyewauzia ni kijana aliyeitwa Bisibisi, kwa kuwa bisibisi haikukosekana nyuma ya sikio lake. Aliijaribu mbele ya Mama kabla ya kuifunga.

"Mama, ikiwa na kasoro, mniletee mimi mwenyewe," alisema. "Mimi nipo hapa hapa, siendi popote."

Bibi Usafi alimfahamu Bisibisi. Mdogo wake, msichana aliyeitwa Kicheko, alikaa naye dawati moja shuleni. Wazazi wao walikuwa wamefariki, na huyo kaka ndiye aliyekuwa baba na mama wa nyumba ile.

Jumamosi hiyo Mjomba alifika mapema. Alililaza kasha la kompyuta mezani, akafungua ubavu wake, akaondoa feni. Chini ya feni palikuwa na grisi nyeupe iliyokauka, ile ya kupitisha joto. Akaifuta yote. Kisha akafungua komeo dogo na kuinua prosesa ya zamani kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa yai kwenye kiota.

"Njoo uone," alimwita. "Lakini mikono nyuma."

Bibi Usafi aliinama. Mahali ilipokaa prosesa palikuwa na soketi ya mraba, na ndani yake mlijaa pini za rangi ya dhahabu, nyembamba kuliko kope za macho. Zote ziliinama upande mmoja, kama nyasi zilizolazwa na upepo.

"Kila pini ina kazi yake," Mjomba alisema. "Prosesa hukaa juu yake, na kupitia hapo huzungumza na kompyuta nzima. Hapa mtu haweki kidole. Hata kupuliza hapulizi."

"Na vumbi likiingia, Mjomba?"

"Vumbi niachie mimi, Bibi Usafi. Leo pumzika."

Alipotaka kupaka grisi mpya, aliikuta imekauka ndani ya kijibomba chake. Akaguna, akavaa kofia, akatoka kwenda kutafuta nyingine. Mama alikuwa jikoni. Bibi Usafi akaendelea na kazi yake: dirisha, kisha meza.

Alipofika kwenye kasha lililokuwa wazi, alikiona. Kilikuwa kipande cha uzi mwekundu, kifupi kama ukucha, kimeanguka katikati ya zile pini. Aliyakumbuka maneno ya Mjomba, na aliyakumbuka vizuri. Lakini uzi ule ulimkera machoni. Aliwaza kwamba Mjomba akirudi atakuta soketi safi, na atafurahi. Akachagua kitambaa laini kuliko vyote, kilichofuliwa siku iliyotangulia, akakipitisha juu ya soketi taratibu, mara moja.

Kitambaa kilinasa. Kilinasa kidogo tu, kama sweta linavyonasa kwenye mwiba. Akakivuta, kikaachia, na uzi mwekundu ukatoka nacho. Aliinama akatazama. Pini zilikuwa zinang'aa kama mwanzo, au ndivyo alivyojiambia. Akakunja kitambaa na kwenda kufuta sakafu.

Mjomba alirudi wingu zito likiwa limetanda, na chumba kimeingia giza la mvua. Aliweka prosesa mpya, akafunga komeo, akapaka grisi, akarudisha feni. Mama alikuja akasimama mlangoni, akijifuta mikono.

"Haya, Mungu atujalie," Mama alisema.

Mjomba akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Taa ndogo ikawaka. Lakini skrini ilibaki nyeusi.

Mjomba hakushtuka. Alivuta kiti akaketi. "Fundi habahatishi," alisema. "Anaondoa moja moja." Akaunganisha skrini kwenye kompyuta yake ya mkononi, ikaonyesha picha vizuri. "Skrini ni nzima, tuiweke pembeni." Akachomoa vipande viwili vya kumbukumbu, vile vinavyoshika kazi kompyuta inapoifanya, akavisugua kingo kwa kifutio cha penseli, akajaribu kimoja, akajaribu kingine. Giza. Akatoa betri ndogo ya ubao, lile bamba linalobeba vipande vyote vya kompyuta, akasubiri, akairudisha. Giza. Akakagua waya wa umeme wa prosesa, akaukuta umekaa sawasawa. Mwenyewe alikuwa amehakikisha wiki iliyopita kwamba ubao ule unaikubali prosesa ile, na programu yake ya kuwashia alikuwa ameisasisha.

Akageuka. "Nilipotoka, kuna mtu aliyegusa humu ndani?"

"Mimi nilikuwa jikoni," Mama alijibu.

Wote wawili wakamtazama Bibi Usafi. Mjomba hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeulizia saa, na labda ndiyo maana jibu lilitoka haraka hivyo.

"Hapana, Mjomba. Nilifuta dirisha na meza tu."

"Haya," Mjomba alisema, akaligeukia tena kasha.

Akaondoa prosesa mpya na kurudisha ya zamani, ile iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi vile vile. Akaitoa tena, akaitupia jicho soketi katika mwanga ule hafifu. Alitafuta alama ya kuungua. Hakutafuta pini iliyopinda, kwa sababu pini haipindi yenyewe, na hakuna mtu aliyegusa.

"Ubao umekufa, dada yangu," alisema mwishowe. "Asubuhi ulikuwa mzima. Hakuna aliyeugusa. Kitu kigeni kilichoingia ni kimoja tu, hiyo prosesa. Yule kijana ametuuzia kitu chenye shoti, nacho kimeua ubao."

"Mbona aliijaribu nikiona?" Mama aliuliza.

"Wana njia zao hao."

Bibi Usafi alisimama kando ya mashine ya kudarizi, na kitambaa mkononi. Mjomba alichukua prosesa, akaifunga kwenye karatasi, akatoka.

Jinsi mambo yalivyokwenda dukani, aliyasikia Jumatatu kutoka kwa Kicheko. Kwa kawaida Kicheko aliingia darasani akiwa ameanza kucheka tangu getini, na mtu akimuuliza anacheka nini, alicheka zaidi. Siku hiyo aliingia kimya, akaweka vitabu vyake mwisho kabisa wa dawati.

"Hujambo, Kicheko."

"Mjomba wako amemwita kaka yangu tapeli."

"Mjomba hawezi kusema hivyo."

"Alisema kaka anauza vitu vibovu huku akijua. Alisema mbele ya wateja, duka limejaa. Wewe niambie tofauti yake."

Bibi Usafi alifungua daftari lake na kulifunga.

"Mwenye duka amemwambia amalize wiki hii, kisha arudishe ufunguo wa duka," Kicheko aliendelea, akiangalia ubao wa darasani. "Tutakula nini baada ya hapo sijui. Lakini si hilo linaloniumiza. Kaka anasema aliijaribu. Halafu anasema, labda nilikosea bila kujua. Jana amekaa siku nzima akijiuliza amekosea wapi. Sasa anajishuku mwenyewe."

Mvulana mmoja wa dawati la nyuma alikuwa amesikia. "Jamani, huyu ni dada wa shoti," alisema. "Msimguse, mtazimika."

Wachache walicheka. Kicheko alilaza kichwa juu ya mikono yake, na Bibi Usafi akaona mabega yake yakitikisika. Siku nyingine zote mabega yale yalitikiswa na kicheko. Alitaka kumgusa, mkono ukamwishia njiani.

Katika nyumba ile, sala ya jioni haikurukwa. Hata kazi iwe nyingi vipi, baada ya chakula Mama aliondoa vyombo, wakaketi, akainamisha kichwa na kusema na Mungu kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliye chumbani. Jioni ile alishukuru kwa chakula. Aliomba kazi ya masweta isimpotee wakati kompyuta imekufa.

"Na yule kijana wa vipuri, Baba," alisema. "Sisi hatumwombei mabaya. Uutoe moyo wa udanganyifu ndani yake, umfundishe kusema kweli, kwa ajili ya yule mdogo wake. Amina."

Ilikuwa zamu ya Bibi Usafi kuitikia. Alifungua kinywa. Neno lile alilolisema kila siku ya maisha yake lilikataa kutoka.

Mama alifumbua macho. "Hujasema Amina."

"Siwezi, Mama."

"Huwezi kwa nini?"

"Kwa sababu si yeye."

Akaeleza yote. Alieleza uzi mwekundu, kitambaa, namna kilivyonasa, na swali la Mjomba. Alieleza akitazama meza, na alipomaliza, hakuthubutu kuinua uso. Alingoja kukaripiwa.

"Uliogopa nini ulipoulizwa?" Mama aliuliza.

"Kwamba nimeiharibu kompyuta yako ya kazi."

"Kompyuta ni kitu, mwanangu. Ningehuzunika, ningekukanya, tungetafuta njia." Mama alipitisha mkono usoni. "Na mimi nimekwenda mbele za Mungu kumsema mtoto wa watu. Nimeomba udanganyifu umtoke yeye, kumbe umekaa mezani kwangu unangoja kuitikia."

Bibi Usafi akalia. Mama hakumkataza kulia, ila alimvuta karibu. Walirudi kwenye sala, na safari hii Mama aliomba msamaha kwa ajili yao wote wawili. Amina ikatoka, ndogo na yenye machozi, lakini ikatoka.

"Kesho ukitoka shule," Mama alisema, "utakwenda kuyasema haya mahali pale pale yaliposemwa yale mengine."

Mjomba alipopata habari asubuhi, alivua kofia na kuketi. Alimtazama mpwa wake kwa muda, na uso wake haukuwa na hasira iliyo rahisi kuitambua. Mama alidhani angekimbilia kasha kwanza.

"Mashine ingoje," alisema. "Yenyewe haioni aibu. Tuanze na mtu."

Basi jioni hiyo walikwenda dukani, Mjomba na yeye. Ndani mlikuwa na wateja kadhaa. Mwenye duka, mtu mnene wa maneno machache, alikuwa amekaa nyuma ya kaunta. Bisibisi alikuwa kwenye kona akitenganisha skrubu kwenye vikopo. Nyuma ya sikio lake hapakuwa na kitu.

Mjomba aliwasalimu, kisha akasogea pembeni. Bibi Usafi alielewa kwamba hatasemewa.

"Shikamoo," alimwambia mwenye duka. Hakusikika, akaanza upya. "Shikamoo. Prosesa haikuwa mbovu. Mimi nilifuta soketi kwa kitambaa baada ya kukatazwa, kikanasa. Mjomba aliniuliza kama kuna mtu aliyegusa, nikasema hapana. Bisibisi hakudanganya. Niliyedanganya ni mimi."

Bisibisi aliacha skrubu, asigeuke.

"Na mimi nina langu," Mjomba alisema. "Jumamosi nilisimama hapa nikasema kijana huyu anauza vibovu kwa makusudi. Hilo la makusudi sikulipima kwa chombo chochote. Nililisema kwa hasira, na ninalifuta mbele yenu. Naomba radhi, kijana."

Mwenye duka alijikuna kidevu. "Nimesikia maneno," alisema. "Jumamosi pia nilisikia maneno. Safari hii nataka kuona mashine." Akamgeukia Bisibisi. "Nenda nao, uchukue prosesa yako. Ikiwa ni pini kweli, huo ufunguo usinirudishie."

Nyumbani, Mama alikuwa amesogeza meza karibu na dirisha. Bisibisi alichukua tochi ndogo akaiinamisha hadi mwanga ukapita juu ya soketi kwa ubavu. Pini zote zikang'aa pamoja, isipokuwa sehemu moja pembeni. Hapo tatu zilikuwa zimelala upande usio wao, na mbili kati yake zimegusana.

"Hizi hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Tazama, mzee."

Mjomba alivaa miwani, akainama, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Nilikuwa nimezikodolea macho nisizione."

Mama aliwapa sindano yake nyembamba kuliko zote. Bisibisi alizuia pumzi, akaanza kuzinyanyua. Ya kwanza ikarudi mahali pake. Ya pili ikarudi. Ya tatu ilikuwa imepinda vibaya, alipoiinua, ikakatika. Aliitoa kwa ncha ya sindano, akaweka prosesa, akafunga komeo, akapaka grisi, akarudisha feni.

Mjomba akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Bibi Usafi alimtazama Bisibisi, ambaye midomo yake ilikuwa imekauka.

"Usikate tamaa," Mjomba alisema. "Tuondoe moja moja. Hiyo pini iliyokatika ilikuwa inahudumia nini? Labda nafasi moja ya kumbukumbu. Hamisha."

Bisibisi akachomoa kile kipande kimoja cha kumbukumbu kilichokuwa nafasi ya kwanza, akakichomeka ya pili. Akabonyeza. Kompyuta ikatoa mlio mmoja mfupi. Maandishi meupe yakatokea kwenye skrini, na katikati yake jina la prosesa ile ya duka la vipuri, limeandikwa wazi kila mtu alisome.

Bisibisi akaketi sakafuni, hapo hapo alipokuwa amesimama, akafunika uso kwa viganja. "Niliijaribu," alisema. "Kumbe niliijaribu kweli."

Mama aligeukia dirishani. Mjomba alikohoa, akajifanya anakaza skrubu ya ubavu.

Kompyuta ilifanya kazi, na kwa kasi kuliko zamani. Lakini nafasi ile ya kwanza ya kumbukumbu haikurudi tena. Mjomba alieleza kwamba kuanzia siku hiyo Mama atatumia kumbukumbu nusu, na nembo kubwa zitamsumbua.

Bisibisi alipojiandaa kuondoka, Bibi Usafi alimfuata mlangoni. "Nisamehe, kaka," alisema.

Kijana alimwangalia. "Nikisema sina hasira nitakudanganya," alijibu. "Ninayo. Lakini umekuja mwenyewe, kwa miguu yako, mbele ya watu wale. Nitamwambia mdogo wangu na hilo pia, asisikie nusu." Akaenda zake.

Mjomba alimwita Bibi Usafi mezani, akamketisha mbele ya skrini.

"Nataka uelewe ulichokifanya, maana si kile unachodhani," alisema. "Kupinda kwa pini ni ajali, hata mimi nimewahi kupinda pini. Kutonisikiliza ni utoto, utakua. Lakini fundi haoni ndani ya chuma. Analitafuta kosa kwa kuondoa yale anayojua kuwa ni mazima, mpaka libaki lenyewe. Uliposema hakuna aliyegusa, neno lako nililiweka upande wa mazima, pamoja na skrini na waya. Sikulipima, kwa sababu ni lako. Baada ya hapo kila hatua niliyopiga ilikuwa sahihi, na kila hatua ilinitoa kwenye soketi ikanipeleka kwa mtu asiye na kosa."

"Nimeelewa, Mjomba."

"Daktari hufanya kazi hivyo hivyo. Mwalimu pia, na hakimu, na mama yako. Wote wanaanzia pale unapowaambia ukweli. Ukiwadanganya, werevu wao wote unageuka kumwumiza mtu." Alizima tochi, akaiweka mezani. "Kitu kilichopinda, mwanangu, kinaweza kunyooshwa. Ila sharti mtu aambiwe kiko wapi."